Kifungu cha Saba

Saa tatu asubuhi, na jua halijaamua kama litachomoza.
Hapa Oulu, mwezi wa Januari,
hata mchana huomba muda wa kufikiri.
Nimewasha taa, nimechemsha kahawa,
nimekata andazi la iliki vipande visivyo sawa, kwa makusudi:
nataka kuona nani atachukua kikubwa.

Wanaingia. Urpo kwanza, kofia mkononi,
kisha dada yake Tuovi na faili la buluu
lililoshiba barua za mawakili.
Meza niliichagua ya duara ili isiwe na ncha.
Wao wameipa ncha mbili.

Nasema nisemayo kila mara:
mimi si hakimu, sina rungu wala upande,
yatakayosemwa humu yatalala humu,
na anayetaka kuondoka, mlango haujafungwa.
Urpo anautazama mlango.
Tuovi anamtazama Urpo akiutazama.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime;
wakipatana, shika kapu ukavune.
Na mimi je, ninayelipwa kwa saa
kukaa katikati ya jembe na kapu?

Wanagombea nyumba ya baba kando ya ziwa:
vyumba viwili, sauna ya magogo, gati bovu,
mashua yenye tobo, shoka.
Urpo amelipaka paa rangi miaka kumi na mmoja bila kuombwa.
Tuovi amelipa kodi miaka kumi na mmoja bila kushukuriwa.
Kila mmoja ana hesabu yake, na hesabu zote mbili ni sahihi.
Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii;
waongo ningewamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kisha kimya.
Nilipoanza kazi nilikuwa nakiziba haraka
kama aliye majini na mashua ile.
Sasa nakiacha kivuje.
Nahesabu matone ya theluji
yanayodondoka sakafuni kutoka viatu vya Urpo.
Kwenye tone la arobaini na kitu, anasema:
"Kipimajoto."

Kwenye orodha ya mawakili hakimo.

Kipimajoto cha sauna, cha mbao,
kiliharibika wao wakiwa wadogo,
sindano imekwama kwenye themanini.
Kila Jumamosi baba aliwaambia, "Themanini tu, vumilieni,"
nao wakavumilia, mashavu yakiwaka,
hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kutoka.

"Ulijua kimekufa?" anauliza Tuovi.
"Nilijua. Na wewe?"
"Nilijua."

Sitasema walicheka.
Kitu kilipita, kama gari lipitalo mtaa wa pili:
unalisikia, hulioni.
Tuovi akafunga faili.
Urpo akachukua andazi, kipande kile kidogo.

Kufikia saa tisa giza lilikuwa limesharudi
na sisi tumeandika vifungu tisa.
Kodi, nusu kwa nusu. Paa, kwa zamu.
Juni ya Tuovi, Julai ya Urpo, Agosti ya watoto wote.
Shoka libaki pale pale penye kuni.
Kipimajoto kisitengenezwe.

Kifungu cha saba:
usiku ule wa hospitali, nani alipigiwa simu,
na kwa nini mwenzake alijua asubuhi.
Hicho tuliandika kichwa chake tu.
Nikaacha mistari mitatu mitupu chini yake,
nao wakatia sahihi ukurasa wote, pamoja na utupu wake.
Zamani ningeona haya kuuita huo mkataba.

Naandaa ankara: saa sita, kila mtu nusu yake.
Kahawa sikuitoza.

Kutoka dirishani namwona Urpo chini, taa za maegesho juu yake,
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.
Anamaliza. Anasimama kidogo.
Anavuka, anakwangua cha dada yake,
upande wa dereva tu,
kisha anaondoka bila kupunga mkono.