Ubao wa Luanda

Ubao niliununua kwa mia mbili
shule ya chekechea ilipofungwa.
Bado una herufi H upande wa chini
ambayo kitambaa hakijawahi kuitoa.
Niliusimamisha nje, kati ya cherehani na mtaro,
nikaandika kwa chaki, Jumatatu, kabla lori la ndizi halijapita:

Jana: kuingia 640. Kutoka 710.
Ile sabini ilitoka wapi? Kwa deni.
Deni la nani? Langu.

Sikuwa nafundisha. Nilikuwa nimechoka
kuficha daftari chini ya vitambaa
kama mwizi anayejiibia mwenyewe.

Wa kwanza kusoma alikuwa Andabwa wa bodaboda.
Alicheka, akaita wenzake, wakacheka.
Jumanne wakarudi kuona kama nimelipa.
Jumatano Ayuma wa omena akauliza, sauti chini,
"Na kama mume ndiye anayekopa, hiyo huandikwa upande gani?"
Tuliifikiria hadi chai ikapoa.
Niliiandika katikati, juu ya mstari.

Mahindi yalipovunwa walikuwa ishirini na kitu,
wengine wamebeba madaftari ya watoto,
kurasa za mwisho, nyuma ya hesabu za darasa la nne.
Wakanisifu.
Na mimi, mgema, nikatia maji:
akiba ya mia tatu themanini nikaiandika mia tano.
Hakuna aliyejua. Chaki haitoi risiti.

Ndipo akaja Elphas, shati lenye nembo mfukoni.
"Mama, una watu. Watu ni mali."
Elfu tatu kila mwezi, alisema,
kwa nafasi ndogo tu, pale chini, kando ya H yako:
Mkopo kwa dakika tano. Bila maswali.

Bila maswali.
Naukumbuka mkopo huo. Ulinijia kwenye simu saa tano usiku,
mtamu, na kweli dakika tano,
na miezi mitano baadaye ukaondoka na mashine yangu ya kudarizi
juu ya mkokoteni, mimi nayo tukitazamana
hadi kona ya kinu cha unga.

Lakini kodi ya kibanda ni elfu mbili mia tano.
Msinihubirie heshima;
sijaona mwenye nyumba akiipokea.
Chaki nayo hununuliwa,
na saa ile ya asubuhi ninayowapa watu
ni suruali mbili ambazo hazijapindwa.
Mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Na mgawa cha bure je, yeye hufa vipi?

Alfajiri nikaandika:

Akiba ya wiki ile: si 500. Ilikuwa 380.
Jana: ofa ya 3,000. Ya watu wa mkopo. Sijajibu.
Kodi: 2,500. Tarehe tano.

Walisoma kimya. Andabwa alisoma mara mbili, midomo ikitembea.
Mmoja alisonya kwa ile 380, akaenda zake,
hajarudi hadi leo.
Ayuma akaweka beseni chini.
"Mimi ungeniuliza, ningelipa. Hujawahi kuuliza."

Kweli. Sikuwahi.

Basi ubao ni wa wote, haulipiwi;
hata mlevi akipita, na asome.
Ila ukitaka nikae nawe, daftari kwa daftari,
tufukue hadi pale ulipoizika aibu,
ni shilingi hamsini,
na hamsini hiyo nitaiandika upande wa kuingia
mbele ya macho yako.
Mwezi huu zimefika elfu moja mia moja.
Kodi haijatimia.

Elphas bado hupita. Namsalimia.
Kuna tarehe nne ambazo huitazama ile nafasi kando ya H,
nikaipima kwa utepe wangu wa kushonea:
inchi kumi na nne kwa sita.
Ndogo tu. Hakunidanganya.
Kisha mvua ya saa tisa huja kutoka upande wa Maragoli,
nami naingiza ubao ndani
kabla hesabu zangu hazijatiririkia mtaroni.