Shaba ya Jumamosi

Kila Jumamosi, saa nane mchana,
kabla watu wa kitubio hawajapanga foleni,
shangazi yangu Winefride Hallinan
alivua pete, akakunja mikono ya sweta,
akanipa kopo la dawa ya shaba.
Kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kushika kopo
na kutouliza.

Kanisa letu pale Porthwern limeipa bahari mgongo.
Chumvi huingia vivyo hivyo, chini ya mlango,
hutafuna bawaba, hulainisha karatasi za nyimbo,
na bamba la majina ya vita, lililopigiliwa ukutani
kati ya kituo cha nne na cha tano cha Njia ya Msalaba,
pale Mama amekwisha kumwona Mwana
na Simoni bado hajatwishwa mti,
likiachwa wiki mbili
hugeuka kijani kama kidimbwi.

Basi akasugua.
Cotter, J. Driscoll, M. Driscoll, P.
Hallinan, T., baba yake mdogo,
aliyekwenda vitani na viatu vya kuazima
wala hakikurudi hata kifungo.
Alisugua kwa mviringo,
kama anayemwogesha mtoto kichwa,
miaka thelathini na sita,
na hakuna aliyemwambia kwamba mapenzi nayo ni tupa.
Driscoll wa pili akaanza kupungua herufi.
Mulcahy akawa Mulca,
kama mtu anayeitwa na mama yake kutoka mbali,
upepo ukila mwisho wa jina.

La chini kabisa limekaa kombo:
Moruzzi, A.
Lilichongwa na mkono mwingine, baada ya vita vya pili,
na baada ya vikao vitatu vya kamati.
Aldo, mwana wa muuza aiskrimu,
alizaliwa orofani juu ya duka,
alitumikia altareni akisinzia,
akafa ndani ya sare ya Mfalme
mwendo wa siku moja tu
kutoka kilima alikozaliwa baba yake.

Baba yake, Serafino, hayupo kwenye shaba.
Juni ile nchi mbili zilipotangaziana vita,
konstebo Pugh, mteja wake wa kila Jumapili,
alikuja usiku, kofia mkononi:
Vaa koti, Serafino, ni mambo ya karatasi tu.
Karatasi ikawa meli.
Meli ikakutana na topido.
Wanasema damu ni nzito kuliko maji;
hawakuyapima maji haya.

Mwaka ule Padre Beddoe alileta fundi wa kuchonga upya.
Pauni nne kwa herufi.
Tulihesabu kwa vidole, mabenchi yakilia.
Lucia wa mkahawani, mjukuu, akainua mkono:
“Na babu?”
Padre akatazama viatu vyake.
Bamba ni la askari, alisema. Kuna taratibu.
Hakuna aliyegombana. Ndivyo tulivyo huku:
tunanyamaza mpaka masikio yanauma.

Jumamosi iliyofuata, shangazi alipofika
chini ya Moruzzi, A., hakusimama.
Aliendelea kushuka,
akasugua shaba tupu, upana wa kiganja,
wiki ile, na iliyofuata,
Kwaresima nzima, mpaka Pasaka ikapita.
Nikavunja sharti la kopo. Nikauliza.
“Nafuta,” akasema.
Nikamwambia, lakini hapo hapana kitu.
“Huo huo uhapanakitu,” akasema, “ndio ninaoufuta.
Hebu sogeza kopo.”

Sasa yuko kilimani, nyuma ya kituo cha reli,
na kopo ninalo mimi.
Mikono yangu hunuka dawa hadi Jumatatu;
Lucia huinusa, hunikaangia yai,
hakubali pesa.
Fundi alizirudisha herufi zote. Mulcahy ana mkia wake.
Lakini jua la alasiri likipenya dirisha la magharibi
halianzi na jina lolote.
Huanza pale chini, palipo peupe,
na wageni wa kiangazi huinama, miwani puani,
wakidhani kuna mtu amefutika.
Siwasahihishi.