Kidole cha Apondi

Picha elfu nne za mita za maji,
Nyalenda, Manyatta, hadi Obunga kwenye tope.
Apondi alizipiga zote kwa simu yenye ufa;
mimi nikachora visanduku usiku,
tarakimu moja moja,
mpaka nane na sifuri zikawa pacha machoni.

Mashine ikafuzu. Ofisini wakapiga makofi.

Jumatatu akatumwa Wasonga.
Akaleta picha safi, zimenyooka, hazina doa,
na mashine ikapofuka.
Namba iko peupe, mtoto wa chekechea angeisoma,
yenyewe yasema: hakuna kitu hapa.

Nikazirudia zile elfu nne.
Chai ikapoa, ikafanya utando.
Kila picha, pembeni kushoto,
kidole gumba cha Apondi,
ukucha umepasuka,
kimetoka kufuta matope kwenye kioo.

Kumbe namba haikuzijua.
Ilijua kufuata kidole.

Nimemweleza leo, Kisumu ikichemka kwa jua.
Amecheka hadi akaketi
juu ya kifuniko cha mita ya Bi Nyasuna,
akakitazama kile kidole, akakipuliza vumbi.
“Basi nacho,” akasema, “kiandikwe kazi.”