Farasi Wanane

Muuzaji wa Mwanjelwa ananisukumia ya farasi arobaini,
inang'aa kama sufuria ya harusi.
"Mama, kwa hii utafika Matema chai haijapoa."
Namuuliza: na boti yangu, itafika lini?
Anacheka. Mimi sicheki.

Natoa kamba yenye mafundo matatu.
La kwanza, kimo cha ubao wa tezi.
La pili, unene wake.
La tatu ni pale Anyitike alipogongomea bati,
mwaka ule injini ya zamani iling'oka na misumari yake
ikazama mbele ya Ikombe, bado inanguruma.
Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shika kasia."

Boti yangu imemzidi umri kitindamimba wangu.
Inabeba vyungu vilivyofungwa kwa nyasi,
na chungu hakina haraka.
Nguvu ikizidi, ubao utapasuka;
ikipungua, wimbi litanirudisha nyumbani
na mzigo wangu wote.

Nainama chini ya rafu.
Kuna moja ya kijivu, imetumika,
kamba ya kuwashia imekatika ikaungwa.
Shingo fupi. Nalaza kamba yangu: sawasawa.
"Lete pipa la maji," namwambia.
Navuta. Kimya.
Navuta. Kikohozi.
Navuta tena, na maji ya pipa
yanamrukia muuzaji hadi kwenye tai.

Anataja bei huku akijifuta.
Naigeuza kichwani kuwa vyungu:
mia nne na ishirini, vikubwa, visivyo na ufa.

Udongo wake bado haujachimbwa.