Mguu wa Kulia

Asila, tiketi uliyonikatia imeandikwa: daraja la biashara.
Biashara yangu mimi niliiuza pamoja na ile teksi,
mlango mmoja wa chungwa, mwingine umerudiwa rangi mara mbili,
nikampa Mbalushi wa Saham kwa bei ya kutupa.
Lakini nimekaa. Kiti kinanijua kuliko daktari:
nikigusa kitufe kinaninyanyua miguu,
nikigusa kingine kinanilaza kama maiti anayesubiri kuoshwa.
Nikakirudisha wima. Bado, nikakiambia. Bado kidogo.

Binti wa chai kaja na kitambaa cha moto, kakishika kwa koleo.
Sikujua ni cha uso au cha mikono.
Nikafuta miwani.

Suhar tumeiacha bila hata kupiga honi.
Hakuna aliyesema bismillahi, nikaisema peke yangu,
jirani akageuka kutazama kama nimeita mtu.
Juu ya mlango namba zinapanda:
mia na kumi, mia na sitini, mia mbili kasoro,
na mguu wangu wa kulia umeanza kutafuta breki.
Siuamuru mimi.
Miaka ishirini na sita umekula mshahara njia hii hii,
leo nauambia pumzika,
hausikii Kiarabu wala Kiswahili cha Wete.

Halafu Wadi Jizi.
Nilikuwa nimejiandaa kukuonyesha (najua hupo, lakini nilijiandaa)
pale tulipolala mwaka ule wa mvua:
mimi, mama yako na mimba yako ya miezi saba,
Gul Zamin fundi bomba, wanafunzi wawili wa Buraimi,
na mbuzi wa mtu ambaye mwenyewe hakupanda.
Maji yalikuwa yanapita na milango ya watu.
Kopo moja la samaki tulilifungua kwa bisibisi, tukala sita.
Mbuzi alikula risiti zangu zote.
Mama yako tulimlaza kiti cha mbele,
tukakisukuma nyuma mpaka kikagoma,
na ndipo ulipoanza kupiga mateke;
Gul Zamin aliapa kuwa amekusikia.

Leo nimepapita pale
nikiwa ndani ya daraja, juu ya daraja.
Nilivuta pumzi tatu.
Ya nne ilinikutia ng'ambo.

Nikataka kumwambia mtu.
Kijana wa pembeni kaziba masikio,
anapanga tarakimu kwenye kompyuta, mstari chini ya mstari,
na kahawa yake imepoa bila kuguswa.
Nikameza maneno yangu na tende moja.

Sisemi zamani ilikuwa tamu. Kiuno changu ni shahidi.
Joto lile, kiti kile cha plastiki, shati linabanduka mgongoni kama plasta,
na abiria anayeshukia gizani akidai atalipa Ijumaa.
Ijumaa gani, hakuitaja.

Ila chini kabisa, kwenye barabara yangu,
niliona gari jeupe lenye mashavu ya chungwa limesimama,
boneti wazi, mtu kaliinamia.
Sura yake sikuiwahi. Nilijua tu ni rejeta.
"Usifungue kifuniko kwa pupa," nikakiambia kioo,
"ngoja ipoe, ndipo umwage maji."
Nilipomaliza kusema
alikuwa maili moja nyuma yangu, na nadhani ameungua.

Karibu na Abu Dhabi namba zikaanza kushuka.
Sikusubiri kuambiwa.
Nikakanyaga zulia, polepole, kidogo na kuachia, kidogo tena,
kama nilivyomfundisha kaka yako: abiria wamelala, usiwaamshe.
Treni ikasimama na kikombe hakikutikisika.

Binti wa chai akauliza safari nimeionaje.
Nikamwonyesha kiatu.