Jaribu Tena

Mashine ilikuja Mpunguzi mwezi wa mavuno,
imeviringishwa plastiki ya viputo
ambayo watoto waliipasua mpaka magharibi.
Mimi ndiye niliyepewa mafunzo ya siku mbili,
na fulana, na cheo: Mwendesha Mfumo.

Zabibu hulipwa kwa uso sasa.
Simama hapa. Usitabasamu. Vua kilemba.
Mhasibu alipita. Mnunuzi wa kiwanda cha mvinyo alipita
akiwa bado anaongea na simu.

Kisha Sechelela Chidong'o,
ekari moja na nusu, kreti arobaini na mbili,
aliyenipokea duniani kwa mikono yake
usiku gari la zahanati lilipokwama mchangani.
Mweusi wa chungu kilichozoeana na moto.
Kwenye paji, lile kovu la duara,
dawa ya macho ya utotoni.

Uso haujaonekana. Jaribu tena.

Akajaribu. Nikafungua madirisha yote.
Nikawasha tochi ya simu, nikammulika kama mwizi.
Jaribu tena.
Foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.
"Mwanangu," akasema, "huyo anamtafuta nani?"

Nilisoma kijitabu, ukurasa wa tisa:
mfumo umefunzwa kwa nyuso milioni tatu.
Za wapi, hawakuandika.
Milioni tatu,
na hakuna hata mmoja aliyepalilia mtama
kwenye jua letu hili?

Uso umeumbwa na haya, walitufundisha.
Chombo hiki kina jicho tu, uso hakina;
haya kitaitoa wapi?

Siku ya nne alikuja akitokea kusaga,
unga umemganda mpaka kwenye kope,
kovu limefunikwa, mikunjo imezibwa.
Alisimama bila kuambiwa.
Ti! Kijani.
Karibu, Sechelela.

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.
Alihesabu fedha yake mara mbili,
akashika pembe ya kitenge
akajifuta polepole, paji, shavu, kidevu,
akinitazama,
mpaka akarudi kuwa yeye.

Ripoti ya mwezi ina safu ya matatizo.
Bosi wangu wa mjini alisema niandike "mwanga hafifu."
Saa sita mchana, Dodoma, kiangazi:
mwanga hafifu.
Kalamu ilinikaa mkononi kama jembe la mtu mwingine.

Nikaandika jina lake lote.
Nikaandika kreti, siku nne, tochi, unga.
Nikaandika: mkulima hana kasoro,
mwenye kasoro apelekwe kwa fundi,
na fundi aulizwe alijifunzia kwa nani.

Jibu halijaja.

Leo, kwenye foleni, wanawake watatu
wamekuja na unga kwenye karatasi,
wameukunja vizuri, wameushika kifuani
kama kitambulisho.