Mkwiro wa Kushoto

Jumamosi, harusini Mabawa, mkwiro ulinikatikia mkononi.
Ncha iliruka ikatua kwenye sinia la bwana harusi.
Watu wakacheka, beni likasonga mbele,
nami nikalimaliza gwaride kwa mkwiro mmoja
na mwiko wa kuazima.

Jumatatu nipo Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
uani kwa Semhando, mkereza miguu ya vitanda.
Vumbi la mninga limemkalia kwenye kope.
"Mkwiro tena? Wewe hupigi ngoma, wewe unaidai."

Kazi kwake huanzia mdomoni.
Mninga mzuri wa macho, lakini hauna subira.
Mpingo utakutegua kifundo kabla wali haujaiva.
Mvule, uache uwe mlango.
Mpera! Mpera wa uani, uliokatwa kiangazi,
ukalazwa miezi minane juu ya moshi wa jiko la mkewe,
hauna habari ya jua wala ya mvua,
mpaka ukigongwa uitike
kama mtu aliyetajwa jina.

Analipasua gogo kwa shoka.
Msumeno, anasema, hukata popote unapoelekezwa;
shoka huuliza njia.
Nyuzi zikikimbilia pembeni, hapo ndipo pa kuvunjika.
Ananionyesha maiti ya mkwiro wangu: kweli,
umekatika mshazari, kama pingili ya muwa.

Umeme hakuna tangu adhuhuri.
Kibwana, mwanawe, anakanyaga kerezo la miguu,
krr, krr, mti unazunguka, patasi inaugusa tu,
na maganda yanamwagika, membamba, yenye harufu
ya tunda ambalo halipo tena.
Bega linatokea. Kisha shingo.
Kisha kichwa, kidogo kama kokwa ya zambarau.
Msasa, halafu kipande cha gunia,
halafu mafuta ya nazi, tone tu:
"Jasho lako litamalizia."

Hadi adhana ya alasiri
minane imelala juu ya kioo cha kabati bovu.
Naiviringisha mmoja mmoja. Unaoyumba una jambo tumboni.
Iliyobaki naigonga kwenye jino la mbele, macho nimefumba,
sauti inapanda tayani, fuvu zima linasikiliza.
Semhando haamini meno. Ana mizani ya sonara;
anapima, anapunguza unyoya, anapima,
mpaka sindano inasimama katikati kama askari.
"Hawa pacha. Hata mama yao angewachanganya."

Nikawajaribu juu ya ndoo.
Ta-ra, ta-ra. Tamu.
Lakini ile *ra* ilikuwa inachechemea.

Kuna jambo sijawaambia wenzangu wa beni.
Mkono wangu wa kushoto ulivunjika nikiwa na miaka kumi na miwili,
nilipoanguka kutoka mtini. Mpera, naam, wa jirani,
na tunda lenyewe lilikuwa bichi.
Mfupa uliunga ulivyotaka wenyewe.
Unapiga, ila unapiga kwa adabu.

Nikainama kwenye kapu la kuni, penye alioikataa,
nikauchomoa mmoja mnene, mzito, wenye doa jeusi kiunoni.
Ta-ra. Ta-ra.
Sasa hata mimi sikujua mkono upi ni upi.

"Huo wa kuni!" Semhando alikasirika kikwelikweli,
akaiweka miwili hiyo mizanini nione
sindano ilivyolala ubavu.
Sikumjibu. Niliitwaa nikampigia gwaride la kuingia bibi harusi,
lote, pamoja na pale pagumu penye kona.
Kibwana akasahau kukanyaga.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.
Kisha akauchukua ule wa kuni, akaupaka mafuta
polepole kuliko alivyowapaka wenzake,
akauandika *K* kwa penseli yake ya seremala,
akanitoza bei ya pacha.

Yule aliyebaki peke yake alimsimamisha dirishani.
"Atakuja mtu," alisema,
"aliyeanguka kwa upande wa kulia."